Kamelia Uani kwa Bi Fatuma

Mtongwe, Likoni
Siku za Idi, Mfungo Mosi

Kwa dada yangu Maimuna, Faza

Assalaam alaykum warahmatullah. Salamu hizi zimetoka Mtongwe zikiwa nzima. Zikifika kwako zimepungua, muulize dereva wa basi alizipunguzia wapi, maana mtu anayebeba barua za watu na kuzijua habari zake kabla ya wenyewe, mimi simwamini. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Mama vipi goti lake? Usiniandikie tena kwamba hajambo, kama mara ile, halafu nikakutana na mtu wa Faza hapa kivukoni akaniambia mama anasali ameketi. Niandikie kweli. Ami Bakari anaendeleaje na kikohozi? Na Swabra wako, ameacha kunyonya kidole au bado mnampaka shubiri?

Dada, barua yangu ya mwisho ilikuwa fupi. Nilikwambia unitengee kile chumba cha uani, cha karibu na jiko, na usiniulize sababu. Wewe nawe ukajibu kwa mstari mmoja kwamba chumba ni tayari. Jibu lile lilinitia shaka, kwani wewe si mtu wa kutouliza. Nikajua mmeshakaa na mama mkanisema mpaka mkachoka. Basi leo nakupa kisa chote tangu mwanzo, na mwisho nitakwambia habari ya chumba.

Unaijua desturi ya nyumba hii. Athmani akitoka baharini, mizigo yake hufunguliwa mbele ya mamake, na mama ndiye agawaye: hiki cha Zuhura, hiki cha shangazi, hiki kiwekwe. Nisimsingizie mtu, sijanyimwa kitu. Lakini tangu niolewe sijapokea hata leso kutoka mkononi mwa mume wangu bila ya leso hiyo kupita kwanza kwa mavyaa. Safari hii Athmani alipoingia alikuwa na kikapu kando, hakukiweka na mizigo mingine. Akakifunua mbele ya mamake, akatoa mche uliopandwa kwenye kopo la maziwa, majani yake mabichi yanang'aa kama yamepakwa mafuta, akanipa mimi mkononi. Mimi moja kwa moja. Mavyaa alikuwa akichagua mchele kwenye uteo. Alitazama, akasema, "Hongera, mkazamwana," akarudi kwenye mchele wake. Hakusema zaidi, na hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Athmani aliniambia mti huo unaitwa kamelia. Ameutoa bandari moja ya Ureno, meli yao ilipokwama ikingoja shehena, kwa bibi kizee aliyeipanda mingine kama huo kwenye makopo mlangoni pake. Yeye alimsaidia bibi kupandisha maji juu ya ngazi, naye bibi akampa mche. Nikamuuliza bibi huyo ni mzee kiasi gani. Athmani akacheka. Mimi sikucheka. Akaniambia ua lake ni kama waridi lililojaa, jekundu, ila halina harufu, na hapo moyo wangu ukasita tena. Sisi kwetu ua ni harufu. Asumini, kilua, mkadi, hata mrehani usio na sura tunaupenda kwa harufu yake. Ua lisilonukia ni kama mgeni anayekaa barazani hasemi atoka wapi.

Lakini lilikuwa langu, dada. Katika nyumba ile yenye kisima cha mavyaa, mkomamanga wa mavyaa na jiko la mavyaa, kile kikopo kilikuwa changu. Nilipomuuliza Athmani mti wenyewe unatunzwaje, akasema hakumuelewa bibi kwa lugha, lakini niulizie, Likoni haikosi wajuzi. Kisha akarudi baharini. Na kweli Likoni haikosi wajuzi. Wanaokosekana ni wanaojua.

Nilianza na muuza miche wa barabara ya kivukoni, yule anayepanga vikopo vyake chini ya mabati. Nilimpelekea jani moja. Hakulitazama hata sawasawa, akasema anaujua mti huu tangu utotoni, niuweke kwenye jua kali la mchana kutwa na niutilie majivu ya jikoni. Nikamuuliza kama amewahi kuuona ukitoa maua. Akasema kila mwaka. Rangi gani? Manjano. Nikamshukuru nikachukua jani langu. Mtu akikujibu kabla hujamaliza kuuliza, ujue hakujibu wewe, anauza.

Nikaenda kwa bwana kilimo. Huyu ni kijana mwenye adabu, alikuja mpaka nyumbani, akainama, akaushika udongo wa uani akausifu. Akanipa karatasi ya serikali inayoeleza habari za mikanju, miti ya korosho. Nikamwambia huu si mkanju. Akasema mti ni mti, nitie samadi. Akanywa chai, akala mahamri, na alipokuwa akiondoka akaniuliza kwa sauti ndogo kama ningemuuzia. Sasa niambie, dada. Anayetaka kuununua mti wako, ushauri wake utauamini? Nilimsindikiza mpaka mlangoni na nikahakikisha ameondoka.

Wakati huo nilikuwa nimeshautoa kwenye kopo, kwa kuwa mizizi ilikuwa ikichungulia chini. Niliupanda chini ya ukuta wa upande wa magharibi, mahali penye kivuli cha alasiri. Kesho yake nilikuta mavyaa amenipangia mawe ya matumbawe kuuzunguka, yamepakwa chokaa, meupe, kama alivyofanya kwa mkomamanga wake. Nikajiuliza nani amemtuma.

Siku za mwanzo ulisimama vizuri. Kisha majani ya juu yakaanza kugeuka. Hayakukauka, yaligeuka manjano, lakini mishipa yake ikabaki kijani, ukilishika jani juani unaiona yote. Majani mapya yakatoka madogo, membamba, yamepauka kama mtoto wa homa. Nikaongeza maji asubuhi na jioni, nikiyateka mwenyewe kisimani. Kila nikiongeza, hali inazidi. Nikaanza kutazama watu.

Nikaona juu ya udongo, kulizunguka shina, utando mweupe. Nikaukwangua kwa kisu, na baada ya siku chache ukarudi. Dada, unanijua. Jioni moja nilichukua mchanga laini nikautandaza pale chini nikausawazisha kwa kiganja, kama vile bibi yetu alivyokuwa akitega panya kwa unga. Alfajiri nilipotoka kuchukua udhu nikakuta nyayo. Mguu wa kulia umekanyaga, wa kushoto umekokota. Mtongwe nzima anayekokota mguu wa kushoto ni mmoja, naye ndiye aliyemzaa mume wangu.

Nikamvizia. Ijumaa alfajiri nilimwona kwa macho yangu haya kupitia ufa wa mlango wa jiko. Alikuwa ameinama pale, kata mkononi, midomo inamchezacheza, anamimina kitu cheupe kwenye shina la kamelia yangu. Alimimina polepole, pande zote, kisha akajishika kiuno akainuka. Mimi nikarudi chumbani. Nilijua ni dawa. Mtu anayemimina kitu cheupe alfajiri huku akinong'ona, na mti unakufa, wewe ungesema ni nini? Zawadi moja niliyopewa mkononi bila ya kupitia kwake, nayo hakuweza kuiacha iishi. Kama hawezi kuuvumilia mti, nitakaaje naye mimi na mume yuko baharini miezi na miezi? Siku ile ile ndipo nilipokuandikia habari ya chumba. Bahasha niliibandika kwa ugali pande zote ili nisisomewe humu ndani.

Lakini sikutaka kuondoka kwa dhana tupu. Nikamkumbuka baba, Mungu amrehemu. Unakumbuka mwezi wa Idi ulipokuwa ukitangazwa, na watu wakija mbio kwamba wameuona? Baba hakumkubali mtu mmoja hata awe nani. Na wakija wawili aliwatenganisha, mmoja barazani, mmoja ukumbini, akamuuliza kila mmoja peke yake: ulikuwa upande gani wa machweo, pembe zimeelekea wapi, palikuwa na wingu? Majibu yakilingana, alituma mtu msikitini. Yasipolingana, tulifunga. Nikasema na huu mti nitautafutia mashahidi wawili, wasiojuana, wasiokula chai kwangu, na wasiotaka kununua.

Shahidi wa kwanza ni Mwalimu Rukia, anasomesha wasichana, nyumba yake nyuma ya msikiti wetu. Alivuka kisiwani akaniazimia maktaba kitabu cha Kizungu cha maua ya bustani ndogo. Tuliketi kwake baada ya alasiri akanifasiria mstari kwa mstari. Kilikuwa na picha, na mara ya kwanza nililiona ua lenyewe. Jekundu kweli. Athmani hakunidanganya kwa hilo. Kitabu kinasema kamelia yapenda kivuli, yapenda udongo mchachu uliojaa majani yaliyooza, yapenda maji ya mvua, na haitaki chokaa kabisa. Na mahali padogo iwekwe kwenye mtungi, ili udongo wake uwe wa kuchagua. Kisha kikaanza kueleza namna ya kuyakinga maua yasichomwe na barafu ya alfajiri.

Hapo nikamwambia mwalimu afunge kitabu. Barafu, Likoni? Kitabu kinachoogopa barafu, nikikiamini nusu, ile nusu nyingine niiweke wapi? Na chokaa wanaiogopea nini? Kwetu chokaa ndiyo usafi, tunapaka nyumba, tunapaka visima, tunapaka makaburi ya wazee wetu. Nikaona kitabu hiki kimeandikwa na mtu asiyewahi kukaa juu ya jiwe la matumbawe. Lakini Mwalimu Rukia alisema neno moja lililonituliza. Alisema, "Mimi nimesoma tu, Zuhura, sijapanda. Usinichukue kwamba najua." Tangu nianze kuulizia, huyu alikuwa wa kwanza kusema hajui. Nikamweka upande wa mashahidi. Na kabla sijatoka akaniongezea kwamba kitabu kinasema kamelia na mchai ni ndugu, baba mmoja mama mmoja.

Basi nikatafuta mtu wa chai. Kuna mama wa bara amepanga vyumba viwili karibu na njia ya Shika Adabu, mumewe anafanya kazi kwenye ghala la majani ya chai Changamwe. Anaitwa Mama Chebet. Kwao ni milima ya chai na yeye mwenyewe ameichuma tangu usichana. Nilimpelekea tawi dogo nimelifunga kwa leso. Sikumwambia neno la kitabu. Sikumwambia hata kwamba ni ndugu wa chai, ili nisimfundishe shahidi maneno. Nikampa tu.

Aliligeuza, akalinusa, akalivunja jani akatazama pale lilipovunjika. Akasema, "Hii maua mimi siijui, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini hii jani ni kama ya chai, na hii ugonjwa naijua." Nikamuuliza ameiona wapi. Akaniambia kwao shamba la chai likipandwa mahali palipokuwa na nyumba ya zamani, pale pale jiko lilipokuwa, chai haistawi. Mistari yote itakuwa kijani, na pale penye majivu ya zamani itakuwa manjano hivi hivi, mishipa kijani. Hata mvua ikinyesha namna gani. Kisha akauliza, "Kwani huko kwako mnamwaga majivu? Ama chokaa?"

Nilikuwa na kikaratasi kiunoni, nimekifutika humo tangu siku ile, kimefungwa ule unga mweupe niliokwangua. Nilikuwa ninangoja kumpata mtu wa kunisomea dawa. Nikakifungua. Mama Chebet akaugusa kwa ncha ya kidole, akausugua, akasema bila ya kufikiri kwamba hiyo ni chokaa ya kupaka nyumba. Akaniuliza tena maji ninayotilia ni ya wapi. Nikasema ya kisima. Akacheka kidogo, akasema birika lake tangu ahamie hapa lina ngozi nyeupe ndani kwa maji hayo hayo. "Nyinyi mnakaa juu ya mawe nyeupe," akasema, "hata maji yenu ni mawe." Kwa hiyo mimi nami, asubuhi na jioni, nilikuwa nikiunywesha mti wangu hayo hayo.

Mashahidi wawili. Hawajuani, hawajaonana, na maneno yao yamelingana mpaka upande wa pembe. Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika, na hakika ile ilikuwa kali kuliko shaka. Sasa nilijua mti unauawa kwa nini, na nilishajua kwa mkono wa nani. Nilimkuta mavyaa ameketi kwenye kibago karibu na kisima, anakuna nazi. Sikumsalimu hata, na unajua mimi si mtu wa kuacha salamu. Nikamuuliza, "Mama, ni wewe unayetia chokaa kwenye mti wangu?"

Hakushtuka. Akasema, "Ndiyo mimi. Kila Ijumaa."

"Kwa nini?"

Akaacha kukuna, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Mchwa wasiule. Huo mkomamanga waufikiri ulikuwaje mpaka ukafika hapo? Nimeutilia chokaa tangu ukiwa kidole. Kuta hizi napaka mimi. Kaburi la babake Athmani napaka mimi. Mimi kitu nikipendacho nakipaka chokaa, Zuhura. Mwanangu amekupa ua, nami nikasema lisije likaliwa na mchwa yeye yuko baharini. Namimina nasoma Kulhuwallahu. Kosa langu lipi?"

Nikamwambia kosa ni kwamba mti hautaki chokaa, na unakufa. Kisha akasema lile neno ambalo mpaka leo nikilala nalisikia.

"Umemuuliza muuza miche wa barabarani. Umemuuliza bwana kilimo, akala mahamri yangu. Umemuuliza mwalimu, na huyo wa bara. Na mimi niko hapa hapa, mwanangu. Mimi hukuniuliza."

Akarudi kukuna nazi, nami nikaingia ndani. Nililia, nisikufiche, lakini nililia kwa hasira pia, kwa sababu sikujua kama nimeambiwa kweli au nimefungwa mdomo. Maneno yale yalikuwa mazuri mno. Mtu mwenye akili akikamatwa husema maneno mazuri. Na wewe unajua sheria ya baba: mtu akijishuhudia nafsi yake, huyo ni shahidi mmoja.

Hata hivyo mti haukungoja. Tuliung'oa kesho yake, mimi na yeye, bila ya kusemezana sana. Nikautia kwenye mtungi wa zamani uliomeguka mdomo. Udongo tuliuchukua chini ya mikanju ya Shika Adabu, mwekundu, laini, na hapo nikaikumbuka ile karatasi ya bwana kilimo nikamsamehe kidogo. Mama Chebet akasema tuchanganye na majani ya mvinje yaliyooza, nayo huku hayana hesabu. Maji tukategea mvua ya masika kwenye pipa chini ya mabati. Mavyaa ndiye aliyelifunika pipa kwa kitambaa lisiingie kitu. Nilimtazama akilifunika, nikasubiri aondoke, nikalifunua nikatazama ndani. Palikuwa na maji tu. Nikalifunika tena kama alivyolifunga.

Ramadhani ikaingia tukiwa hivyo. Tunafuturu sinia moja, tunaombana chumvi kwa adabu, na kila mmoja anajua mwenzake yuko macho. Barua yako ya mstari mmoja ilifika katikati ya mwezi. Niliiweka chini ya mto. Kila siku nasema nikimaliza kufunga nitaondoka, na kila alfajiri naamka kutazama mtungi kwanza, kama kuna mtu ameushika. Hakuna aliyeushika. Nyayo za mguu wa kukokota zilikuwa zinafika mpaka hatua chache, zinasimama, zinarudi.

Sasa nikufikishe Idi. Huku siku za mwisho za mfungo kila nyumba inapaka chokaa, na katika mtaa huu hakuna nyumba inayopakwa kama ya Bi Fatuma. Watu wakimwelekeza mgeni njia husema, nenda mpaka uione nyumba nyeupe. Mavyaa hamwachii mtu kazi hiyo. Aliloweka chokaa kwenye pipa lake, akatia chumvi ishike, akajifunga kanga kiunoni, akachukua brashi yake ya kumbi za nazi, akaanza hivyo hivyo na mguu wake wa kukokota. Akapaka mbele, akapaka ubavuni, akapaka uani, ukingo wa kisima, mawe ya mkomamanga, mpaka vidato vya choo. Mimi nilikuwa jikoni naoka vileja. Sikutoka kutazama. Nilisema moyoni, nitaona mwisho wake leo, kwa sababu mtungi wangu unaegemea ukuta ule ule, na chokaa hiyo ikipakwa lazima itachuruzika.

Alipomaliza akaenda kuoga. Nikatoka. Uani kote palikuwa peupe mpaka macho yanauma. Isipokuwa nyuma ya mtungi. Pale palibaki ukuta mtupu, upana wa mtu aliyenyoosha mikono, wenye ukungu na madoa ya mvua za mwaka mzima, kuanzia chini mpaka juu. Pembeni chokaa imekatwa sawasawa, na chini ameegemeza kipande cha mkeka mkuukuu ili matone yasirukie. Ile nyumba nyeupe ya Mtongwe ilikuwa na kiraka cheusi katikati ya uani, siku ya kupokea wageni wa Idi.

Unanijua. Nikangoja.

Asubuhi ya Idi akaja Bi Salma jirani na sinia lake la halua, na Bi Salma macho yake hayakosi kitu. Mimi nilikuwa jikoni nachuja kahawa, mlango umerudishwa, na mavyaa alidhani nimekwenda kwa Mwalimu Rukia kumpa mkono wa Idi. Nikamsikia Bi Salma akisema, kwa ile sauti yake ya huruma isiyo huruma, "Bi Fatuma, mwaka huu chokaa ilikupungukia?"

Mavyaa akamjibu, "Chokaa ipo. Pale pana mgonjwa."

Bi Salma akataka kujua mgonjwa gani, mavyaa akamkaribisha kahawa. Na mimi nilisimama pale na kichujio mkononi, kahawa inanimwagikia miguuni, nisihisi moto wake. Hakujua kwamba namsikia, dada. Hakunisemea mimi. Aliikubali aibu ya ukuta wake mbele ya Bi Salma, ambaye kesho yake ataisambaza Likoni yote, kwa ajili ya kimti changu kisichonukia. Nikasema ukuta ule ndio shahidi wake wa pili. Ushahidi umetimia, na baba angetuma mtu msikitini.

Nikaitoa kahawa. Nikamwamkia, nikambusu mkono, naye akashtuka kuniona, akajitia kuitazama halua. Jioni nikamuuliza, "Mama, mtungi huu waonaje, tuuache hapa au tuusogeze?" Akafikiri sana, kama mtu aliyeitwa barazani kutoa rai. Akasema tuusogeze kidogo kuelekea kisimani, upate upepo. Tukausogeza. Tangu siku hiyo hanyamazi, kila siku ana rai mpya, na mimi nimeanza kujuta kumuuliza.

Mti haujapona sawasawa. Umetoa majani mapya, na la mwisho ni kijani mpaka ncha, nililitazama siku nzima nikitafuta kasoro. Mama Chebet na kitabu wote wawili wanasema mti huu unapenda baridi, kwa hiyo huenda usitoe ua hata siku moja, na Athmani akirudi nitamweleza hivyo, kisha nitamuuliza tena juu ya yule bibi wa Ureno. Hilo bado lina shahidi mmoja.

Kile chumba, dada, mpe mama aweke nazi zake. Mimi siji kukaa. Nitakuja kutembea, inshallah, na nitakuja na mavyaa, kwa hiyo mkipake chokaa, maana atatazama.

Nisalimie mama, umwambie asali ameketi lakini aniambie kweli. Nisalimie Ami Bakari, ndugu wa baba, na umpelekee habari kwamba njia yake na baba ya kuwahoji watu wa mwezi imenifaa. Mbusu Swabra kwenye kidole hicho hicho. Nisalimie na shemeji, mumeo, na wifi zangu wote waliokula pilau ya harusi yangu wakasema sitadumu Mtongwe. Mavyaa anakusalimu, na salamu zake nimekuandikia kama alivyozitoa, sikuongeza sikupunguza.

Barua hii utaikuta nayo imebandikwa kwa ugali pande zote. Ni kwa ajili ya dereva tu. Wa nyumbani nimeshamsomea.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura